Breki za Motokaa Kuukuu Zisitengenezwe Nusu Nusu

Wanafunzi wenzangu, muhula huu neno moja limesemwa sana bwenini, jikoni na hata uwanjani: je, ile Land Rover ya shule iliyo nyuma ya ghala itarudi barabarani, au itauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu? Wengine wasema iuzwe, maana ni mzee wa kuchekwa. Wengine wasema itiwe petroli, matairi yajazwe upepo, iende. Mimi simo katika kundi hili wala lile. Maoni yangu ni haya: motokaa ile yafaa kutunzwa, lakini isichukue hata mtu mmoja mpaka breki zake zimetengenezwa zote kwa pamoja, tangu pedali hata gurudumu la nne. Breki iliyotengenezwa nusu ni mbaya kuliko breki iliyokufa. Iliyokufa hukuonya kabla hujatoka uani. Ya nusu hukudanganya mpaka uwe katikati ya mteremko.

Nayaandika haya kwa sababu shule yetu iko juu ya kilima, na njia ya kutokea ni moja tu, nayo yateremka tangu langoni mpaka barabara kuu. Motokaa ikirudi kazini haitabeba kuni na magunia ya maharagwe peke yake. Itabeba timu ya mpira, itabeba kwaya, na siku ya ugonjwa itabeba mgonjwa usiku. Nasi sote tulio katika nchi hii ya milima ya Kigezi twaijua barabara ya kutoka Kabale kwenda Kisoro, jinsi ipandavyo mpaka Kanaba, kisha ikateremka kwa kona baada ya kona. Siku hizi ni ya lami, na lami ni njema. Lakini lami huongeza mwendo, na mwendo huidai breki zaidi.

Kwanza yafaa tuijue motokaa yenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika maonyesho ya motokaa mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Walioiunda ni kampuni ya Rover ya Solihull, Uingereza, na mwenye fikira hiyo alikuwa Bwana Maurice Wilks, mkuu wa ufundi wa kampuni. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzi tu, na chuma cha pua kilikuwa adimu. Kwa hiyo bodi yake ikafanywa kwa mchanganyiko wa alumini. Mwaka 1958 ikaja Series II, mwaka 1961 ikafuata Series IIA, na mwaka 1971 Series III, ambayo iliundwa mpaka mwaka 1985. Ya kwetu ni Series IIA fupi, yenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Hata ile ya mwisho kabisa ya aina yake imepita miaka 50. Walimu wetu wengi walizaliwa wameikuta duniani.

Sasa angalieni jambo moja ambalo watu wengi hawalifikiri. Alumini haishiki kutu kama chuma. Bati la bodi ya Land Rover laweza kubonyea, laweza kupauka rangi, lakini haliliwi na kutu kama chuma. Mtu akiitazama motokaa ile jua likiiwakia, huona bodi nzima, naye husema, "Hii bado ina nguvu." Lakini breki hazikufanywa kwa alumini ya bodi. Mabomba yake ni ya chuma, na chuma huliwa na kutu kwa nje kutokana na matope na kwa ndani kutokana na unyevu. Mipira yake ni mipira, na mpira huzeeka kama ngozi ya mtu: hukauka, hupasuka, huvimba. Basi motokaa hii huzeeka kwa ndani huku uso wake ukiendelea kucheka. Ndiyo sababu nasema tusiihukumu kwa macho.

Breki zenyewe hufanyaje kazi? Wale wa Senior Two mmesoma habari za Blaise Pascal, yule Mfaransa aliyeishi tangu 1623 hata 1662, aliyeonyesha kwamba maji yaliyofungiwa chomboni yakisukumwa mahali pamoja, msukumo wake huenea kila upande kwa kipimo kile kile. Wengi tuliliandika jambo hilo daftarini, tukalikariri, tukalisahau. Lakini liko hai chini ya Land Rover. Dereva akikanyaga pedali, pedali husukuma pistoni ndani ya silinda kuu. Pistoni husukuma mafuta ya breki ndani ya mabomba membamba. Mafuta yakifika kwenye gurudumu huingia katika silinda ndogo, nayo hutanua brekishuu mbili, yaani vile vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mwandamo na kuvikwa lainingi. Brekishuu hukwaruza dramu kwa ndani, na dramu huzunguka pamoja na gurudumu. Hapo ndipo mwendo hugeuka kuwa joto.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mguu wasukuma kwa nguvu ya newton 200, na mkono wa pedali huizidisha mara 5. Zimekuwa newton 1,000. Tuseme pistoni ya silinda kuu ina eneo la sentimeta 4 za mraba. Kila sentimeta ya mraba imepata newton 250. Kama pistoni ya gurudumu ina sentimeta 6 za mraba, itapata newton 1,500. Hiyo ni nguvu kuliko ya mguu mara saba na nusu, tena bila injini kusaidia. Uzuri ulioje! Lakini tazameni sharti lake: mafuta yawe yamefungiwa. Pakiwa na tundu, au pakiwa na povu la hewa, Pascal hana la kusema. Hewa hubinywa, mafuta hayabinywi. Dereva atakanyaga, hewa itajikunja, na brekishuu zitabaki zimelala.

Zaidi ya hayo, Land Rover fupi za wakati ule zilitoka kiwandani na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Motokaa za siku hizi zina njia mbili. Moja ikipasuka, nyingine husimamisha gari kwa shida. Katika hii yetu, tundu moja dogo katika bomba la gurudumu moja humwaga mafuta ya magurudumu yote. Haina breki nne. Ina breki moja iliyogawanywa mara nne. Mwenye kuelewa sentensi hiyo ameelewa hoja yangu yote.

Sasa tuje kwenye matengenezo ya nusu. Nimeyaona katika vituo vya biashara vingi, na kila moja lina udhuru wake.

La kwanza ni kuziba bomba. Gurudumu moja likivuja, bomba lake hukunjwa na kupigwa nyundo, au huzibwa kwa skrubu, kisha gari huendelea kwa magurudumu matatu. Ati limetengenezwa! Likizibwa gurudumu la mbele la kushoto, siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu, gurudumu la mbele la kulia litashika peke yake, na motokaa itavutwa kulia, yaani upande wa magari yanayokuja.

Nilimwuliza fundi mmoja mwenye mvi, aliyezifahamu Land Rover tangu ujana wake, "Mzee, kwa nini basi watu hufanya hivyo?"

Akanijibu, "Mwanangu, mwenye gari hana subira, na fundi ana njaa. Hao wawili wakikutana, bomba hukunjwa."

Sikupata jibu bora kuliko hilo.

La pili ni kutia mafuta yasiyo ya breki. Yakipungua njiani, mtu hutia mafuta ya injini, au maji ya sabuni. Mafuta ya injini huivimbisha mipira ya breki. Mpira uliovimba ndani ya silinda kuu huziba kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta. Breki zikishika haziachii, dramu zikapata moto kama jiko. Nayo maji huleta kutu, tena huchemka upesi. Aliyefanya hivyo mara moja ameharibu mipira yote, tangu silinda kuu hata magurudumuni, na kumwaga tu hakutoshi. Sharti mipira yote ibadilishwe na mabomba yaoshwe.

La tatu ni kutia mipira mipya katika silinda mbovu. Silinda ikikaa miaka mingi bila kazi, kama ile yetu, ukuta wake wa ndani hufanya vishimo vya kutu. Fundi huvuta mpira wa zamani, hutia mpya, gari likaacha kuvuja kwa wiki mbili. Kisha vile vishimo huula mpira mpya kama tupa, na uvujaji hurudi. Silinda yenye vishimo haina dawa ila kubadilishwa.

La nne ni kuosha brekishuu kwa petroli. Sili ya ekseli ikichoka, mafuta ya difu hupita mpaka ndani ya dramu na kulowesha lainingi. Wengine huiosha kwa petroli, wengine huichoma moto, ikawa kavu kwa kuitazama. Lakini lainingi ni kama sifongo. Ikipata joto, mafuta yaliyonywewa hutoka tena. Sharti sili ibadilishwe kwanza, kisha brekishuu zibadilishwe pande zote mbili za ekseli ile, kushoto na kulia, hata kama upande mmoja ni mkavu, ili motokaa isivute.

Hayo yote ni ya nusu. Je, matengenezo kamili ni yapi? Nitayataja kwa kifupi, si kwa kuwa nataka kila mmoja wenu awe fundi, ila ili mjue la kumwuliza fundi.

Kabla ya kuinua gurudumu lolote, tia kabari za mawe au mbao mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Msiitegemee breki ya mkono. Katika Land Rover hizi, breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda ekseli ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu gurudumu lile kuzunguka hewani upande mmoja, na mwenzake aliye chini kuzunguka upande wa pili. Shafti imeshikwa sawasawa, lakini motokaa yatembea! Watu walio chini ya gari wamepondwa kwa kutolijua jambo hilo. Kabari ni kipande cha mti tu, lakini ni bima ya uhai.

Dramu ikifunguliwa, ndani yake mna vumbi jeusi. Hapa nawasihi sana wale mnaopenda kuwasaidia mafundi: msilipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa pampu. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Nyuzi zake huingia mapafuni, nazo husababisha kansa na maradhi mengine ya mapafu ambayo huonekana baada ya miaka mingi, pengine 20, pengine 40. Uingereza yenyewe ilipiga marufuku aina mbili za asbestosi mwaka 1985, na ile nyeupe mwaka 1999. Lakini lainingi iliyotiwa kabla ya hapo haikusoma sheria hiyo. Bado imo ndani ya dramu. Lowesha vumbi kwa maji, lifute kwa kitambaa kilichoroa, kitambaa kitiwe katika mfuko na kufungwa. Kijana anayepuliza dramu leo hatakohoa kesho. Atakohoa akiwa na wajukuu.

Kisha fungua upande mmoja kwanza na uache wa pili, ili ukisahau mahali pa springi upate mfano wa kutazama. Badilisha silinda zote zenye vishimo. Badilisha hozi za mpira zilizopasuka, na mabomba ya chuma yenye kutu iliyomega. Tazama kama dramu ina mifereji au imepasuka. Rudisha brekishuu, kisha uzirekebishe kwa ile bolti iliyo nyuma ya sahani ya breki: izungushe mpaka gurudumu likataze, kisha uirudishe kidogo mpaka lizunguke bila kukwama. Wengi hudharau kazi hii. Brekishuu zikikaa mbali na dramu, pedali huenda chini sana, na mtu hudhani mna hewa. Hutoa upepo siku nzima wala asipate nafuu.

Mafuta yawe mapya, kutoka chupa iliyofungwa. Mafuta ya kawaida ya breki hunywa unyevu kutoka hewani. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa makavu hayachemki kabla ya nyuzi 230 za sentigredi. Yakisha kunywa maji kiasi kidogo tu, chini ya sehemu 4 katika 100, kiwango chao chaweza kushuka mpaka nyuzi 155. Yakichemka ndani ya silinda hufanya mvuke, na mvuke ni kama hewa: hubinywa. Dereva aliyekuwa na pedali nzuri juu ya kilima hukuta pedali imeanguka sakafuni kabla ya kufika chini. Ndiyo sababu mafuta haya hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajavuja. Tena yasiguse rangi ya gari, kwani huimenya.

Mwisho ni kutoa upepo. Kazi hii ni ya watu wawili wanaosikilizana. Mmoja hukaa kwenye pedali, wa pili hulala gurudumuni na spana na mpira mwembamba uliozamishwa katika chupa ya mafuta. Huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Katika motokaa zetu zenye usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto. "Kanyaga!" Wa chini hufungua nipo, mapovu hutoka. "Shikilia!" Hufunga. "Achia!" Huenda hivyo mpaka mafuta yatoke bila povu hata moja, huku mtu akihakikisha kopo la juu halikauki.

Kisha pedali huulizwa maswali matatu. Kanyaga: je, ni ngumu au ni laini kama godoro? Ikiwa laini, hewa ingalimo. Kanyaga mara ya pili upesi: je, imepanda juu kuliko mara ya kwanza? Ikiwa imepanda, brekishuu zi mbali na dramu, au hewa imebaki. Kanyaga na ushikilie kwa dakika moja: je, yashuka polepole? Ikishuka, pana mahali panapovuja, au mipira ya silinda kuu inapitisha mafuta. Pedali isiyojibu vema maswali yote matatu haijafuzu, na mtihani huu hauna alama za kuokoteza.

Sasa nawajibu wanaonipinga.

Wako wasemao, "Land Rover ina gea nzito, dereva hodari hushuka kwa gea, hahitaji breki." Ni kweli kwamba gea ya chini husaidia sana, na dereva asiyeitumia ni mjinga. Lakini gea haisimamishi motokaa mbele ya mtoto aliyekimbilia barabarani. Tena tupime. Motokaa ya tani moja na nusu pamoja na mizigo, ikiteremka meta 500, hutoa nguvu ya kama joule milioni 7. Joto hilo latosha kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji baridi. Gea ichukue sehemu kubwa, ndiyo; lakini kilichobaki huingia katika dramu nne. Dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia brekishuu, na lainingi yenye moto hushika vibaya. Breki nzima hulemewa katika mteremko kama huo. Je, ya nusu?

Na kuhusu mwendo, kumbukeni kanuni mliyofundishwa: mwendo ukizidishwa mara 2, nguvu ya kuizuia motokaa huzidi mara 4. Wanaosema, "Tuliijaribu uani, ikasimama," waliijaribu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Uani si Kanaba.

Wako wasemao, "Gharama ni kubwa." Hapa sina ubishi mrefu. Silinda, brekishuu, hozi na mafuta huuzwa hata leo, kwa kuwa motokaa hizi zimebaki nyingi ulimwenguni na viwanda vingali vikitengeneza spea zake. Zina bei, tena ziko za bandia ambazo yafaa kujihadhari nazo. Lakini matengenezo ya nusu hulipwa mara tatu: bomba hukunjwa leo, mipira hutiwa mwezi ujao, silinda hununuliwa mwakani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama fedha hazitoshi muhula huu, jibu lake si kutengeneza magurudumu mawili. Jibu lake ni kuiacha motokaa juu ya mawe mpaka fedha zitoshe. Haili nyasi, haitakufa njaa.

Wako pia wasemao, "Sisi ni wanafunzi, mambo ya spana ni ya watu waliokosa shule." Neno hili huniuma kuliko yote. Tumekuwa watu wa kuheshimu mkono ulioshika kalamu na kuudharau ulioshika spana, kisha tunaukabidhi huo wa spana roho zetu barabarani. Fundi asiyesoma kwa nini mafuta ya injini huvimbisha mpira ataitia, na mwanafunzi aliyesoma kwa nini hatakuwapo kumzuia. Fizikia ya Pascal na kemia ya mpira na mafuta zimo ndani ya motokaa ile nyuma ya ghala. Kwa kuwa haina vifuniko vingi wala mashine za umeme za kuficha mambo, hata mtu wa Senior One akiinama aweza kulifuata bomba kwa kidole tangu silinda kuu mpaka gurudumuni. Ni kitabu gani kingine katika maktaba yetu kinachofunguka hivyo?

Kwa hiyo natoa mashauri matatu, nami naomba wakubwa wetu na wenzangu wayafikirie.

Shauri la kwanza: funguo za Land Rover zikae ofisini, na motokaa isitoke langoni mpaka magurudumu yote manne yamefunguliwa, yameonekana, na pedali imejibu maswali yake matatu mbele ya fundi mwenye ujuzi na mwalimu mmoja.

Shauri la pili: kazi hiyo ifanyike hapa shuleni siku za Jumamosi, fundi akilipwa haki yake bila kuharakishwa, na wanafunzi wa fizikia wakiruhusiwa kutazama, kushika taa, kuhesabu na kuandika. Kugusa breki kuwe kwa fundi. Kujifunza kuwe kwa wote.

Shauri la tatu: kuwe na daftari la motokaa. Iandikwe tarehe ya kila mafuta yaliyobadilishwa, kila silinda iliyonunuliwa, kila gurudumu lililofunguliwa. Motokaa haisemi ilivyotibiwa. Daftari ndilo litakalomwambia dereva wa mwaka kesho kutwa kwamba mafuta yana miaka mitatu na kwamba wakati umepita.

Najua liko jambo moja ambalo vijana tutaliona gumu: kukataa kupanda. Siku ya mechi, watu wameimba, dereva ameshika usukani, mtu atasema, "Ingieni, mpige pampu mara mbili itashika." Siku hiyo atahitajika mmoja wa kusema, "Pedali inayopigwa mara mbili bado haijapona. Mimi natembea." Ataitwa mwoga. Avumilie. Mechi iliyokosekana huchezwa wiki nyingine.

Land Rover ile imeishi zaidi ya miaka 50 kwa sababu ilitengenezwa ili ifunguliwe na kutengenezwa tena. Tuipe kile inachostahili mzee yeyote: tusiitupe kwa kuwa ina umri, wala tusiitwike mzigo ambao viungo vyake haviuwezi. Tumtibu mgonjwa wetu mwili mzima, kisha tumpe kazi. Na mpaka siku hiyo, kabari zikae mahali pake.